Sivuti, Nabwia Tu: Jinsi Ugoro na Tambuu Vinavyofika Kwenye Ini na Figo

Kwenye zahanati nyingi za kwetu swali la tumbaku huulizwa kwa mkato: "Bibi, unavuta sigara?" Bibi anajibu hapana, wala hasemi uongo. Hajawahi kutia sigara mdomoni tangu azaliwe. Muuguzi anaandika "hapana" kwenye kadi, anampima presha, anaguna kidogo kwa namba aliyoiona, anampangia tarehe ya kurudi. Bibi anafungua fundo la pindo la kanga atoe nauli, na humo, pamoja na noti zilizokunjwa mara nne, kuna kikopo cha ugoro ambacho hakuna aliyekiulizia.

Swali hilo lina hasara kubwa kuliko linavyoonekana. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika Kenya mwaka 2014 ulikuta wanawake wanaovuta ni asilimia 0.8 tu. Wanaotumia tumbaku isiyo na moshi walikuwa asilimia 3.8, karibu mara tano yao. Kwa wanaume hesabu iligeuka: asilimia 15.1 walivuta, asilimia 5.3 walitumia isiyo na moshi. Maana yake ni kwamba anayeitafuta tumbaku kwa kuhesabu sigara anawapita wengi wa wanawake wanaoitumia bila kuwaona.

Na waliopitwa kwenye kadi hupitwa kwenye utafiti. Ndiyo sababu ukiuliza kama ugoro unaharibu figo au ini, unapata majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yana kasoro. Wa kwanza atakwambia pasipo moshi hapana madhara, ni mdomo tu unaochakaa. Wa pili, mara nyingi kwenye ujumbe uliosambazwa kwenye simu, atakwambia ugoro "unaua ini na figo", basi, kana kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa kila upande. Ukweli uko mahali penye msokoto zaidi, na ili kuufikia inabidi tuifuate tumbaku yenyewe inakopita.

Ugoro, tambuu, kuberi: si kitu kimoja

Tumbaku isiyo na moshi ni jina la ukoo, na katika ukoo huo watoto hawafanani. Bara, ugoro ni majani ya tumbaku yaliyokaushwa yakasagwa, aghalabu kwa kuchanganywa na magadi, na wengine hutia majivu au tone la samli. Unanuswa, au unabwiwa: unabanwa nyuma ya mdomo wa chini na kuachwa hapo. Pwani na visiwani kuna tambuu, jani la mtambuu linalopakwa chokaa, likatiwa popoo iliyokatwa, katu, na kwa wengi kipande cha tumbaku, kisha likakunjwa na kutafunwa. Halafu kuna bidhaa za pakiti zilizotoka India, kuberi na wenzake, ambazo vijana huzifahamu zaidi kuliko ugoro wa babu zao. Uganda ilizipiga marufuku tumbaku zote zisizo na moshi kwa sheria ya mwaka 2015.

Hapa niombe radhi nitoke njiani kidogo. Neno "uraibu", ambalo leo tunalitumia kwa kila aina ya kunasa, kuanzia pombe hadi kamari ya simu, katika kamusi za zamani za Kiswahili lilikuwa na maana ya mezani kabisa: ule mchanganyiko wa kutafuna, tambuu na popoo na chokaa na tumbaku, uliowekwa kwenye kijaluba na kupewa mgeni. Lugha yetu ilijua kitambo kwamba kijaluba hakifungwi kirahisi. Anayetilia shaka amwangalie mbwiaji ugoro saa tisa alasiri mwezi wa Ramadhani.

Turudi. Tofauti za watoto hawa zina uzito kwa sababu kinachofika kwenye ini na figo si tumbaku peke yake. Ni tumbaku na kila ilichofuatana nacho. Anayesema "ugoro" akimaanisha tambuu, au anayechukua utafiti wa snus, tumbaku ya kubwia ya Sweden, akaupachika kwenye kikopo cha bibi yetu, ameshapotea kabla hajaanza.

Magadi yanafanya kazi gani

Ukimuuliza muuza ugoro sokoni kwa nini anatia magadi, atakwambia bila magadi "haushiki". Yuko sahihi, na kemia yake ni nzuri kuitazama.

Nikotini, kile kitu ndani ya tumbaku kinachomnasa mtu, iko katika hali mbili. Penye uchachu inakuwa na chaji na hushindwa kupenya ngozi laini ya ndani ya mdomo. Palipo na ukali wa magadi au chokaa inapoteza chaji na kupenya kwa urahisi. Mate yakiwa na pH (kipimo cha uchachu na ukali) ya 7, kama sehemu moja tu kati ya kumi ya nikotini iko tayari kupenya. Yakifika 8, ni nusu. Yakifika 9, ni sehemu tisa kati ya kumi. Tumbaku ni ile ile, kiasi ni kile kile, lakini kijiko cha magadi kimebadilisha kipimo cha dawa. Chokaa ya tambuu hufanya kazi hiyo hiyo. Sudan wana toombak, tumbaku kali iliyochanganywa na atroni, ndugu wa magadi, na wanasayansi walipoipima walikuta pia ina nitrosamini za tumbaku, yaani zile kemikali zinazosababisha saratani, kwa viwango vinavyozidi vya snus ya Sweden kwa zaidi ya mara mia.

Bonge moja likikaa mdomoni nusu saa linaweza kumpa mtu nikotini mara mbili au tatu ya anayoipata mvutaji kwa sigara moja. Haipandi kichwani kwa kasi ya moshi, lakini inadumu, na mtu anayebwia tangu alfajiri hadi kulala huwa nayo kwenye damu mchana kutwa.

Milango miwili

Kinachopenya kwenye fizi na shavu kinaingia kwenye mishipa ya damu inayorudi moja kwa moja moyoni. Kutoka hapo kinasambazwa mwilini kote, ubongoni, kwenye mishipa, kwenye figo, kabla ini halijakigusa ipasavyo. Huu ni mlango wa kwanza.

Mlango wa pili ni koo. Wengi hutema, na barabara zetu zina madoa mekundu ya ushahidi, lakini hakuna anayetema yote. Usiku, msikitini, kwenye daladala, mbele ya wakwe, mate humezwa. Yakifika utumbo, kilichomo hunyonywa na kupelekwa kwenye ini kwanza, kupitia mshipa mkubwa unaotoka tumboni. Ini linaikamata nikotini hiyo na kuivunja kiasi kwamba chini ya nusu ndiyo inayofika kwenye damu ya mwili mzima.

Ini basi ndilo bawabu. Linageuza sehemu kubwa ya nikotini, kama asilimia 70 hadi 80, kuwa kotinini, kwa kimeng'enya kinachoitwa CYP2A6. Watu hawalingani katika kimeng'enya hiki. Yupo anayeivunja nikotini haraka akahitaji kubwia tena baada ya saa moja, na yupo ambaye bonge la asubuhi linamtosha hadi adhuhuri. Baada ya hapo figo huchuja na kutoa kotinini kwa mkojo. Ndiyo maana mtu anaweza kukana tumbaku kwa mdomo na mkojo wake ukamsuta.

Hadi hapa hakuna ugonjwa. Kuvunja na kuchuja ndiyo kazi ya viungo hivi, na nikotini si sumu ya ini kama zilivyo baadhi ya dawa au uyoga. Tatizo limejificha kwingine.

Ini: kutengua sumu na kuitengeneza

Miongoni mwa nitrosamini za tumbaku kuna moja inayofupishwa NNK. Jinsi ilivyo ndani ya jani, haina nguvu ya kudhuru chembe za urithi. Inaipata mwilini. Vimeng'enya vya ini, katika kujaribu kuigeuza iwe kitu kinachoyeyuka na kutolewa, huipitisha kwenye hatua ambapo inakuwa na makali ya kung'ang'ania DNA. Ini linafanya usafi, na katikati ya usafi huo linanoa kisu. Sehemu nyingine ya NNK inageuzwa kuwa NNAL, ambayo hutoka kwa mkojo taratibu, kwa wiki kadhaa. Vipimo vya Marekani vimeonyesha kwamba watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi wana NNAL nyingi zaidi mkojoni kuliko hata wavutaji wa sigara.

Je, hili linaleta saratani ya ini? Hapa ndipo ujumbe wa kwenye simu unapotangulia ushahidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeichunguza tumbaku isiyo na moshi zaidi ya mara moja, na hukumu yake ni nzito: inasababisha saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Ini halimo kwenye orodha hiyo. Figo hazimo. Kwa uvutaji wa sigara, zote mbili zimo.

Lakini angalia hilo kongosho. Limelala nyuma ya tumbo, na kichwa chake kimegusana na mfereji unaopeleka nyongo kutoka kwenye ini. Saratani ikiota kwenye kichwa cha kongosho, huubana mfereji. Nyongo inarudi nyuma, macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, mwili unawasha, na nyumbani watu wote wanasema "ini limeharibika". Wanachokiona ni kweli, ini limezibwa. Kilicholiziba ni jirani yake, na huyo jirani yumo kwenye orodha ya tumbaku. Sijui ni familia ngapi zimewahi kumzika mtu wa "ugonjwa wa ini" ambaye ini lake lenyewe halikuwa na kosa.

Upo ushahidi wa maabara. Watafiti wa India walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwapa panya maji ya tumbaku isiyo na moshi, wakakuta kinga ya seli dhidi ya kemikali haribifu imepungua kwenye ini, mapafu na figo. Tafiti ndogo za Asia Kusini zimelinganisha damu za watafunaji na za wasiotafuna, na baadhi zimekuta vimeng'enya vya ini vimepanda kwa watafunaji. Hizi ni dalili za kuchukuliwa kwa uzito, ila panya halali na njaa, hanywi gongo, hana homa ya ini aina ya B. Mtu wa Geita au wa Kisumu anaweza kuwa na virusi vya B tangu utotoni bila kujua, akala mahindi yenye sumukuvu, akanywa wikendi, na akabwia ugoro. Ini lake likisinyaa akiwa na miaka 50, kumtoa ugoro kama mshtakiwa pekee ni kuwaonea huruma wenzake watatu.

Kwa mla tambuu hadithi ni nyingine, na inatoka Taiwan. Huko watu hutafuna popoo na chokaa kwa wingi, lakini kwa desturi yao hawatii tumbaku. Hiyo inawapa watafiti nafasi adimu ya kumtazama mshirika mmoja akiwa peke yake. Na tafiti za huko zimehusisha utafunaji wa popoo na kusinyaa kwa ini na saratani ya ini, hata baada ya kuweka kando virusi na pombe. Popoo peke yake, bila tumbaku, ilitangazwa na shirika lile lile la utafiti wa saratani mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mtu anayejivunia kwamba tambuu yake "haina tumbaku" amemfukuza mgeni mmoja na kumwacha sebuleni mwenzake.

Figo: presha kwanza

Figo mbili hupokea kama sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kwa siku huchuja kama lita 180, kisha hurudisha karibu zote mwilini na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba kuliko unywele. Adui mkuu wa kifundo hicho ni msukumo wa damu uliozidi.

Nikotini huamsha ule mfumo wa mwili wa "kimbia au pigana". Ndani ya dakika chache baada ya kubwia, moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda. Kwa kijana mzima hupanda na kushuka. Kwa bibi wa kadi ile, ambaye presha yake ilikuwa juu tangu asubuhi, na anabwia mara kumi na mbili kwa siku, kila bonge ni kilima kingine cha kupanda. Kama kubwia peke yake kunaleta ugonjwa wa kudumu wa presha, tafiti hazijakubaliana. Kwamba kunaiongeza presha kwa saa zile nikotini ipo kwenye damu, hilo halina ubishi. Na aliye na kisukari, ambacho nacho hushambulia vichujio vile vile, ana sababu maradufu ya kuogopa: kwa panya wenye kisukari, nikotini imeonyeshwa kuharakisha uharibifu wa figo.

Ongeza chumvi. Magadi ni sodiamu, yale ya Ziwa Magadi na ya Ziwa Natroni vilevile. Mgonjwa wa presha anayeambiwa apunguze chumvi kwenye mboga akatii kwa uaminifu, huku akimeza mate yenye magadi siku nzima, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Daktari hakumwambia kwa sababu hakujua. Magadi mengi ya ukanda wetu yana pia floridi, ile inayotia madoa meno ya watoto wa Arusha na Kilimanjaro, na figo ndizo zenye kazi ya kuitoa.

Madini yanayokaa

Mmea wa tumbaku una tabia ya kufyonza kadimiamu kutoka ardhini na kuiweka kwenye majani. Kadimiamu ikiingia mwilini, ini huifunga kwa protini maalumu na kuihifadhi. Taratibu mzigo huo hutoka kwenye ini kwa damu hadi kwenye figo, hupita kichujio, kisha seli za mifereji ya figo huurudisha ndani zikidhani zinaokoa protini ya maana. Hapo protini inavunjwa, na kadimiamu inabaki. Nusu ya iliyomo huchukua kati ya miaka 10 na 30 kutoka.

Kinachoweza kutokea mzigo ukizidi kilionekana Japan, katika bonde la mto Jinzu huko Toyama, ambako maji machafu ya mgodi yalitia kadimiamu kwenye mashamba ya mpunga. Wanawake wa makamo waliozaa watoto wengi ndio walioumia zaidi. Figo zilivujisha madini, mifupa ikawa laini, ikavunjika kwa kukohoa tu. Watu waliuita ugonjwa huo kwa sauti ya kilio chao, itai-itai, "inauma, inauma". Serikali ya Japan iliutambua rasmi mwaka 1968.

Nimeisimulia ili ieleweke kadimiamu inakoelekea. Haimaanishi kwamba kikopo cha ugoro ni sawa na mgodi ule. Kiasi hakikaribiani. Tena mapafu hunyonya kadimiamu kwa ulaini kuliko utumbo: katika moshi inaweza kuingia robo hadi nusu, wakati katika chakula au mate yaliyomezwa huingia asilimia chache tu. Vipimo vya Marekani vimeonyesha kuwa kadimiamu kwenye damu ya watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi haikupanda kama ya wavutaji. Kwenye hoja hii moja, ugoro una nafuu kuliko sigara, na mwandishi mwaminifu lazima aseme hivyo. Ila kuna kikwazo cha kwetu. Utumbo wa mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya kadimiamu zaidi, kwa kuwa mlango unaoyatafuta madini hayo haubagui vizuri. Na wanawake wenye upungufu wa damu, Afrika Mashariki, si wachache.

Washirika wanaosahaulika

Visa viwili vya kitabibu vinanipendeza kwa jinsi vinavyomkamata mshirika badala ya mkuu.

Mwaka 1980 jarida moja kubwa la kitabibu la Marekani lilieleza habari za mtafunaji wa tumbaku aliyelegea misuli kwa kukosa potasiamu. Nikotini haikuwa na hatia. Tumbaku za kutafuna za huko hutiwa utamu kwa urukususu, mzizi mtamu, na urukususu una kemikali inayoidanganya figo ishikilie chumvi na kumwaga potasiamu. Presha inapanda, potasiamu inashuka, misuli inagoma, moyo unaweza kupiga ovyo. Anayeumia zaidi ni yule anayemeza mate badala ya kutema.

Kisa cha pili ni cha chokaa. Kwa watafunaji wakubwa wa popoo kumeripotiwa hali ya kalsiamu kujaa kwenye damu pamoja na ukali wa alikali, ile ile iliyowahi kuwapata watu waliokunywa maziwa na dawa za tumbo kwa pamoja bila kiasi. Kalsiamu ikizidi, figo hupoteza maji, hubana, na hushindwa. Mgonjwa anafika hospitali amechanganyikiwa, anatapika, kreatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuichuja, imepaa kwenye damu, na kama hakuna anayetazama rangi ya meno yake, sababu haitapatikana.

Taiwan tena: huko huko kwenye popoo bila tumbaku, tafiti za wanaume zimekuta watafunaji wana ugonjwa sugu wa figo kwa wingi kuliko wasiotafuna. Ukiunganisha na habari ya ini, unaanza kuona kwamba kwa mla tambuu popoo inastahili lawama kubwa kuliko tunavyoipa, na kwa mbwiaji ugoro jicho liende kwenye presha na magadi.

Kipimo gani kinasema nini

Watu wengi huambiwa "figo zako nzuri" kwa kipimo kimoja cha kreatinini. Kreatinini ni shahidi mchelewaji. Figo zina akiba kubwa, na mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake ya kuchuja huku namba ikibaki ndani ya mabano ya kawaida, hasa kwa bibi mwembamba mwenye misuli michache. Kipimo cha mkojo kinachotafuta albumini huona mapema zaidi, kwa sababu kichujio kilichoumizwa na presha au sukari huanza kuvujisha protini kabla hakijaziba. Kwa ini, vimeng'enya vya damu huonyesha seli zinazokufa sasa hivi, lakini ini lililokwisha kusinyaa linaweza kuwa na vimeng'enya vizuri kwa kuwa seli za kufa zimebaki chache. Anayebwia au kutafuna miaka mingi ana haki ya kuomba mambo manne: presha, sukari, albumini ya mkojo, na kipimo cha homa ya ini B. Katika manne hayo hakuna hata kimoja kinachopima tumbaku, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu kinachoweza kutibiwa ni vile vinavyokwenda nayo bega kwa bega.

Jambo jingine halisemwi sana. Uhusiano huu unakwenda pande mbili. Ini lililodhoofika au figo zilizochoka haziwezi kuiondoa nikotini kwa kasi ya zamani. Kwa mwenye figo zilizoharibika sana, kasi ya kuiondoa hushuka kwa kama nusu, na kwa mwenye ini lililosinyaa kiasi hushuka karibu hivyo hivyo. Mtu aliyebwia kiasi kile kile kwa miaka 30 anashangaa siku hizi ugoro "unamlevya": kizunguzungu, jasho, moyo kudunda, kichefuchefu. Analaumu ugoro wa siku hizi, anabadilisha muuzaji. Ugoro haukubadilika. Hili linawahusu pia wanaotaka kuacha kwa kutumia pipi za kutafuna au plasta za nikotini: mwenye ugonjwa wa figo au ini aseme mapema, apunguziwe kipimo.

Kwa anayeacha, mwili hufuta hesabu kwa awamu. Nikotini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo asubuhi ya pili imekwisha, na ndiyo asubuhi mbaya kuliko zote: kichwa kinauma, mkono unapapasa pindo la kanga wenyewe. Kotinini hukaa siku chache. NNAL itaonekana mkojoni kwa wiki kadhaa. Kadimiamu aliyoimeza akiwa msichana itakuwepo bado akiwa bibi, lakini kuanzia siku hiyo haiongezwi, na presha atakayopimwa kliniki ijayo itakuwa yake mwenyewe, isiyochanganywa na bonge la kwenye foleni.

Ilimradi muuguzi wa siku hiyo aulize tofauti kidogo: "Bibi, unatumia tumbaku ya aina yoyote? Ugoro? Tambuu? Unatia nini ndani yake, na mate unatema au unameza?"